Kula kwa stresi: daieti kali, daftari, tiba, kundi au sindano, uanze na ipi?

Kuna mtu akigombana na bosi wake chakula hakipiti kooni mpaka kesho yake, na kuna mtu akigombana na bosi anamaliza pakiti nzima ya biskuti kabla hajavua hata viatu. Hapa naongea na huyu wa pili. Yule anaejua kabisa hana njaa lakini mkono unaenda tu, kilo zinaongezeka, na kila akisema anataka kupungua anaambiwa "we punguza kula", utadhani hilo wazo halijawahi kumjia. Njia ziko nyingi na nyingi zinafanya kazi kwelikweli, shida ni kwamba mtu anachukua njia ya kutibu tatizo la jirani yake. Kwahiyo nimezipanga mbili mbili, hii na hii, alafu nasema mi ningechukua ipi na kwanini.

Mwenye haraka asome hapa tu: usianze na daieti kali, hata kama ndo inayoonekana ya maana kuliko zote. Anza na milo ya muda maalum na daftari la kuandika unachokula na kwanini, ukiona vipindi vya kufakamia vinakuja kila wiki na huwezi kujizuia tafuta tiba, na dawa ni za wale ambao uzito umeshafika pa kuhatarisha afya, tena chini ya daktari. Yanayofuata ni kwanini.

Njaa ya tumbo na njaa ya moyo

Hii si njia, ni kujua kwanza unaumwa nini. Njaa ya tumbo inakuja polepole, unaweza kuivumilia nusu saa, haichagui sana, na ukishiba inakwisha. Ya moyo inakuja ghafla, inataka kitu kimoja maalum, mara nyingi kitamu au chenye mafuta na chumvi, na tumbo likishajaa bado inadai. Kipimo rahisi ni kujiuliza kama sasa hivi ungeletewa chakula cha kawaida kisicho na mbwembwe ungekila. Kama ndio basi una njaa, nenda kale na usijilaumu. Kama hapana, unataka chokoleti tu na si kingine chochote, basi kuna jambo linakusumbua na si tumbo.

Sasa hiki kipimo ni kizuri ila jioni kinadanganya. Mtu aliyeruka mlo wa asubuhi, mchana akala kidogo kwa kujibana, saa moja jioni akapigiwa simu ya kumuudhi, huyo ana njaa zote mbili kwa mpigo na hawezi kuzitenganisha. Mi naona sehemu kubwa ya hiki tunachokiita kula kihisia ni njaa ya kweli iliyozuiwa mchana kutwa ikapata upenyo pale mtu alipochoka. Shika hilo manake karibu kila ninachochagua humu kinatokea hapo.

Mwili nao unachangia. Ukishtuka, adrenalini inakata hamu ya kula kwa muda, lakini stresi ikikaa siku na wiki homoni ya kotisoli inabaki juu na hamu inarudi kwa kishindo, hasa ya sukari na mafuta. Usingizi ndo usiseme. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa vijana 12 wa kiume masaa manne tu ya kulala kwa usiku mbili, homoni ya shibe inayoitwa leptini ikashuka kwa 18% na ile ya njaa, grelini, ikapanda kwa 28%. Usiku mbili tu! Mtu anaelala masaa matano mwaka mzima alafu anajiita hana msimamo, sijui anajihukumu kwa sheria ya wapi.

Na kingine kinachouma kidogo kukisikia, chakula hakitufariji kama tunavyodhani. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwaonyesha watu vipande vya filamu vya kuwaharibia mudi, alafu wengine wakapewa chakula chao cha kujifariji, wengine chakula kingine tu, wengine hawakupewa kitu. Mudi ilirudi kwa wote sawasawa, hata kwa waliokaa bila kula. Yani ni muda tu ndo uliotuliza, sifa zikaenda kwa chakula.

Daieti kali au milo ya ratiba

Daieti kali ina mvuto wake, sitaki kujifanya siuoni. Maamuzi yanakuwa machache, wiki ya kwanza mizani inashuka (sehemu kubwa ni maji ila mizani haikwambii hivo), na mtu anaeuonea aibu mwili wake anapata hisia kwamba sasa amechukua hatua ya maana. Kwa mtu asiekula kihisia inaweza hata ikamfikisha. Kwa mlaji wa stresi inaongeza lile lile linalomsumbua.

Chukua jaribio lililofanyika Minnesota mwaka 1944 na 1945 chini ya mtafiti Ancel Keys. Wanaume 36 wenye afya njema, waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya imani zao wakajitolea kwenye utafiti, walipunguziwa chakula kwa wiki 24 mpaka kama kalori 1,570 kwa siku. Hawa walichaguliwa kwa kuwa wazima wa mwili na akili. Muda si muda wakawa chakula ndo wanachokiwaza na kukiota, wanakusanya vitabu vya mapishi, wanalamba sahani, hasira na huzuni hazikatiki, na walipokuja kuachiwa kula wapo waliokula mpaka tumbo likauma na bado wanasema hawajatosheka. Sasa irudie hiyo namba, 1,570. Daieti kibao zinazosambazwa kwenye simu zinampa mtu chini ya hapo, na akishindwa siku ya tisa anaambiwa hana nidhamu.

Alafu kuna utafiti wa Herman na Mack wa 1975, mi naupenda sana huu. Wanafunzi wa kike waligawanywa, wengine wakanyweshwa kinywaji kizito cha maziwa na sukari, wengine hawakupewa, kisha wote wakaambiwa waonje aiskrimu watoe maoni. Wasiokuwa na tabia ya kujibana, waliokunywa maziwa wakala aiskrimu kidogo, ndo kawaida, wameshashiba. Wale wanaojibana kula siku zote wakafanya kinyume, waliotangulia kunywa maziwa ndo wakala nyingi zaidi. Akili imeshasema leo imeharibika, potelea mbali, kesho naanza upya. Na hiyo potelea mbali ndo inayonenepesha watu, kile kibiskuti kimoja cha mwanzo kilikuwa hakina madhara yoyote ya maana.

Milo ya ratiba ni kitu kingine kabisa na kwa kweli haina mvuto. Unakula milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu kwa saa unazozijua, huachi masaa manne yapite hujala, na huruki mlo hata kama jana usiku ulifakamia (hasa kama jana ulifakamia). Ndo hatua ya mwanzo kwenye tiba aliyoiboresha Christopher Fairburn wa Oxford kwa watu wenye matatizo ya ulaji. Ubaya wake ni kwamba wiki za kwanza unahisi unakula kupita kiasi, mizani inaweza isisogee kabisa, na hakuna atakaekupongeza manake hakuna kinachoonekana. Kinachobadilika ni jioni zako. Mtu aliyeshiba vizuri mchana akipata habari mbaya saa moja jioni atasikitika kama binadamu yeyote lakini hatakuwa na tumbo linalopiga kelele nyuma ya hayo masikitiko.

Hapa mi sina kigugumizi, ratiba. Daieti za kalori chache sana zina mahali pake, kwa mfano mtu anaeandaliwa operesheni, lakini hiyo ni kazi ya hospitali na mtu anapimwa kila mara, isichanganywe na ile uliyotumiwa na rafiki.

Apu ya kalori au daftari la hisia

Watu wanadhani hivi ni kitu kimoja kwasababu vyote ni kuandika. Hapana. Apu inajibu swali la kiasi gani, daftari linajibu swali la kwanini na saa ngapi.

Kuandika kwenyewe kunasaidia, hilo halina ubishi sana. Mwaka 2008 ulitoka utafiti wa Kaiser Permanente wa Marekani wa watu karibu 1,700, walioandika wanachokula kila siku walipungua kama mara mbili ya wasioandika. Kwahiyo anaesema kuandika ni upuuzi hajajaribu au hapendi kuona kilichoandikwa, na hilo la pili ni la kawaida sana.

Apu inamfaa mtu ambae kweli hajui vipimo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, na wapo watu ambao vinywaji vyao tu kwa wiki vinawaingizia sehemu kubwa ya hizo kalori na hawajui, wakionyeshwa namba wanashtuka na kubadilika, kesi imeisha. Lakini mlaji wa stresi mara nyingi anajua kalori kuliko hata mtaalamu wa lishe. Ukimpa apu, ikimwonyesha nyekundu saa kumi jioni kwamba amepitisha kalori za siku ile potelea mbali inaamka. Wengine wanaanza kudanganya apu, jambo ambalo ukilifikiria ni la ajabu, unamficha nani sasa?

Daftari liwe na vitu vichache: saa, umekula nini, ulikuwa wapi na nani, njaa ilikuwa ngapi kati ya sifuri na kumi, na nini kilitokea kabla. Mfano mtu anaandika "Jumanne saa tatu usiku, sebuleni peke yangu, njaa 2, biskuti nusu pakiti, nimetoka kusoma meseji ya dada". Moja kama hiyo haisemi kitu. Ukiwa nazo kama ishirini zinaanza kuongea zenyewe, unakuta kumbe si "nakula ovyo" bali ni jioni za siku za kazi, ukiwa peke yako, baada ya mtu fulani, au baada ya kuruka chakula cha mchana. Wengi wanaokutana na kurasa zao wanagundua hisia yao kubwa ni uchovu, wala si huzuni waliyodhani. Na dawa ya uchovu inajulikana.

Masharti mawili. Andika siku hiyo hiyo na ikiwezekana kabla ya kula, maneno matatu yanatosha, manake kuandika kesho yake ni kutunga. Na usiandike matusi. "Nimekula kama nguruwe" si taarifa, inakuumiza tu na maumivu ndo yanakupeleka kabatini tena.

Ningeanza na daftari, apu ije baadae kama bado unaihitaji, pale kufakamia kutakapokuwa kumepungua. Na aliyewahi kujinyima chakula mpaka akaugua asitumie apu kabisa bila mtaalamu kumsimamia.

Kuondoa vishawishi au kukaa na hamu mpaka ipite

Hapa watu wamegawanyika kama wapenzi wa timu mbili na kila upande una pointi.

Wa upande wa kwanza wanasema usiweke ndani kile kinachokushinda. Ushahidi wao mzuri ni jaribio la Kevin Hall kwenye taasisi za taifa za afya za Marekani la mwaka 2019. Watu 20 waliishi hapo hapo, wiki mbili wakala vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida, na mara zote wanaruhusiwa kula watakavyo. Kwenye vile vya kiwandani walikula kama kalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka karibu kilo moja, kwenye vile vingine wakapungua kiasi hicho hicho. Hakuna aliyewaudhi, hakuna aliyewapa stresi, ni aina ya chakula tu. Kwahiyo sehemu ya unachokilaumu moyo wako ni kazi ya kiwanda.

Wa upande wa pili wanasema huwezi kuihama dunia, jifunze kukaa na hamu bila kuitii. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington aliyefanya kazi na walevi na wavuta sigara, alifundisha kuichukulia hamu kama wimbi, inapanda, inafika kilele, inashuka yenyewe kama hukuilisha. Unaangalia iko wapi mwilini, mdomoni, kifuani, tumboni, unapumua, unasubiri. Mara nyingi nusu saa haiishi imeshapungua. Wasiojaribu wanadhani itapanda mpaka wapasuke, na kwa kuwa kila mara wameilisha ikiwa njiani kupanda, hawajawahi kuiona ikishuka.

Mi nachanganya. Mwanzoni ondoa vitu viwili au vitatu vinavyokushinda kabisa, si kila kitu, manake ukipiga marufuku kila kitu umerudi kwenye daieti kali kwa mlango wa nyuma. Alafu kwa hamu zilizobaki jifunze kusubiri. Na kusubiri kwenyewe kunakuwa rahisi ukiwa unatembea: watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter kule Uingereza waliona matembezi ya haraka ya robo saa yanapunguza hamu ya chokoleti kwa watu walioizoea, na mwaka 2011 waliotembea kabla ya kukaa kazini walikula kama nusu ya walichokula wale waliopumzika tu. Hiyo robo saa haichomi kalori za maana, usiihesabu kama mazoezi, kazi yake ni kupitisha muda na kubadilisha mudi.

Kula taratibu kwa umakini

Hii ina mashabiki wengi na nitapita haraka. Unaweka simu pembeni, unatafuna, unasikia ladha, unasimama katikati kujiuliza kama umeshiba. Zoezi maarufu ni la kula punje moja ya zabibu kavu kwa dakika kadhaa, lililoenea kupitia mafunzo ya kutuliza akili aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979, na Jean Kristeller akaja kutengeneza programu nzima kwa watu wanaofakamia. Inapunguza kufakamia na kula kihisia, ila kwenye uzito matokeo ni madogo. Inafaa sana kwa anaekula haraka mbele ya skrini na hajui ladha ya alichokula. Kwa mtu aliye katikati ya hasira kali, kumwambia atafune taratibu ni kumtania. Iongeze kwenye ratiba, usiitegemee peke yake.

Kujisaidia kwa kitabu au kukaa na mtaalamu

Kwanza ujue uko wapi. Tangu 2013 kufakamia kunakojirudia kunatambulika rasmi na madaktari wa akili kama ugonjwa unaojitegemea. Vigezo kwa lugha ya kawaida: ndani ya muda mfupi, tuseme masaa mawili, unakula kiasi ambacho watu wengi wasingekula, unahisi huwezi kusimama, inatokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, na inakuumiza rohoni. Dalili zake ni kula haraka sana, kula mpaka unaumia, kula kingi bila njaa, kula kwa kujificha kwa aibu, na kujichukia baadae. Kumaliza keki siku ya msiba hakupo humu, huo ni ubinadamu. Ila kama umesoma hiyo orodha ukahisi mtu anakusimulia wewe, acha kujitafutia daieti, unahitaji tiba.

Tiba yenye ushahidi mzuri ni ile ya fikra na tabia, yani mazungumzo na mazoezi ya kubadilisha mawazo na mazoea yanayokupeleka kwenye kufakamia. Na cha kushangaza wengi, mwongozo wa mwaka 2017 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema mtu mzima anaefakamia aanze na kujisaidia kwa kutumia kitabu au vifaa vya tiba hiyo akiwa na msaidizi, vikao vinne mpaka tisa vya dakika kama 20 ndani ya wiki 16. Yani kitabu na mtaalamu si maadui, kitabu chenye mtu wa kukuuliza umefika wapi ndo hatua ya kwanza kabisa. Isiposaidia unaenda kwenye kundi la tiba, na kama hakuna kundi basi vikao vya mtu mmoja mmoja, 16 mpaka 20.

Kitabu peke yako bila mtu ni nafuu, ni siri, na unaanza leo usiku. Kasoro yake inajulikana, sura ya tatu inapofika kwenye zoezi gumu unaifunga na hakuna wa kukuuliza. Mtaalamu anakugharimu muda na pesa na kwenye maeneo mengi hapatikani kirahisi, lakini yeye ndo anaona kile usichoandika. Ningeenda moja kwa moja kwa mtaalamu, bila kupitia kitabu, kama kuna sonona, mawazo ya kujiua, pombe inayokuzidi, au jambo zito la utotoni linalorudi kila ukitaka kulala. Na kwa wale ambao hisia zenyewe ndo kali mno, zinapanda kutoka sifuri mpaka mia kwa dakika, kuna tiba ya mwanasaikolojia Marsha Linehan, aliyoianzisha kwa watu wanaojiumiza, baadae ikarekebishwa kwa wanaofakamia. Hii inafundisha kuvumilia dhiki na kujituliza, chakula kinakuja baadae.

Sasa sikiliza vizuri sehemu hii maana ndo inayowaudhi watu. Huo mwongozo unataka mgonjwa aambiwe wazi kwamba tiba hizi zina athari ndogo kwenye uzito, na kwamba asijaribu kupungua wakati yuko kwenye tiba, kwasababu kujibana kutaamsha kufakamia. Kwahiyo mtu anaekwenda kwa mwanasaikolojia akitarajia kilo kumi zitoke atavunjika moyo. Anachopata ni kwamba kufakamia kunakoma, uzito unaacha kupanda, na baada ya muda kwa baadhi unashuka. We unaona ni kidogo? Kwa mtu aliyekuwa anaongezeka kila mwaka, kuacha kuongezeka si kitu kidogo hata kidogo, ingawa haipendezi kwenye picha za kabla na baada.

Kundi linalopima uzito au lisilopima

Mifano miwili inatosha. Overeaters Anonymous lilianza Los Angeles mwaka 1960 kwa kufuata hatua 12 za Alcoholics Anonymous, kundi la walevi wanaosaidiana kuacha pombe lililoanza 1935, halina ada, halipimi mtu uzito, mtu anaongea kuhusu maisha yake na anapewa wa kumpigia simu. Weight Watchers ilianza New York mwaka 1963 kwa Jean Nidetch, ni biashara, na kawaida yake ya tangu zamani ni mizani na malengo.

Aliye mpweke na anakula kwa upweke atapata kitu kikubwa zaidi kwenye lile la kwanza, manake simu saa nne usiku ni dawa ya upweke na pointi za chakula wanazohesabu Weight Watchers si dawa ya upweke. Ila ujue lina lugha ya kiroho na wengi humo wanakiona chakula kama ulevi, wanaacha kabisa vyakula fulani, na kwa mwenye tabia ya yote au basi hilo linaweza kumrudisha kule kule kwenye marufuku. La pili linamfaa anaependa namba na haumizwi nazo. Kama kupima mbele ya watu kunakufanya usile siku nzima kabla ya kikao alafu ufakamie ukitoka, umeshapata jibu lako.

Makundi ya simu ya kushindana kupungua, yale ya "wiki mbili kilo tano", mi siyaweki hata kwenye ulinganisho.

Dawa na sindano, au bila

Hapa mambo yamebadilika sana miaka ya karibuni na si haki kuongea kana kwamba dawa ni uvivu. Semaglutidi, sindano ya mara moja kwa wiki, iliidhinishwa Marekani kwa kupunguza uzito mwezi wa sita 2021. Kwenye jaribio lake kubwa la watu 1,961 kwa wiki 68, waliochomwa walipungua wastani wa 14.9% ya uzito wao, waliopewa sindano tupu 2.4%. Hakuna tiba ya mazungumzo inayokaribia hapo kwenye kilo. Wengi wanasema ile kelele ya chakula kichwani, yani kuwaza kula muda wote, inanyamaza, na kwa mtu aliyeishi na hiyo kelele tangu utoto si jambo la kudharau.

Ila linganisha vizuri. Sindano inafanya kazi kwenye njaa na shibe, haimpatanishi mtu na mume wake wala haimtafutii kazi nyingine. Kichefuchefu, kutapika na kuharisha ni vya kawaida hasa dozi ikipandishwa. Na washiriki waliofuatiliwa baada ya kuacha, mwaka mmoja baadae walikuwa wamerudisha kama theluthi mbili ya uzito waliopoteza, kwahiyo anaeanza ajue anaweza kuitumia kwa muda mrefu sana, na ajiulize mapema kama ataimudu. Ndo maana naona ratiba na daftari havikwepeki hata kwa anaechoma, hicho kipindi ambacho njaa imetulia ndo kipindi kizuri kabisa cha kujifunza kukaa na huzuni bila kabati.

Kuna nyingine inaitwa lisdeksamfetamini, hii tangu 2015 imeidhinishwa Marekani kwa ugonjwa wa kufakamia wa kiwango cha kati na kikali kwa watu wazima. Haikuidhinishwa kwa kupunguza uzito, iko jamii ya amfetamini (dawa za kuchangamsha ubongo), inaweza kumfanya mtu awe tegemezi, na mwenye shida ya moyo asiiguse bila daktari wake. NICE wao wanasema dawa isiwe tiba pekee ya kufakamia.

Vidonge vya kukata hamu vinavyouzwa mkononi bila cheti wala jina la kiwanda, sina cha kulinganisha, acha.

Ukienda kwa daktari kuulizia hizi dawa, mwambie na yale ambayo mizani haionyeshi: unafakamia mara ngapi kwa wiki, dawa za sonona unazotumia manake baadhi zenyewe zinaongeza uzito, unalala masaa mangapi. Na kama umewahi kujitapisha au kumeza dawa za kuharisha baada ya kula, hata kama ni zamani, hata kama unaona aibu, liseme hilo kabla hajaandika chochote, kwasababu tiba yake ni nyingine na kuanza na dawa ya kupunguza uzito kunaweza kukuumiza.